Alama ya Asiyerudi Nyuma

Nchi ya Twendeni haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo usihangaike kuitafuta, na kama una cheo serikalini usihangaike kukasirika. Ni nchi ya mbali sana. Watu wake ni wapole, ardhi yake ina rutuba, na viongozi wake wana afya njema kupita kiasi. Mambo nitakayoyasimulia hayawezi kutokea kwetu, nami nayasimulia ili tupate kushukuru.

Kiongozi wa Twendeni aliitwa Asiyerudi Nyuma. Jina la kwao alikuwa nalo, ila lilifutwa vitabuni mwaka wa tatu wa utawala wake, maana kulikuwa na mpiga zumari mmoja kule kusini aliyeitwa hivyo hivyo, na haikufaa. Mwaka wa kumi na moja washauri wake wakagundua kwamba haitoshi mtu mkubwa kuwa na jina tu. Lazima awe na alama. Ikaundwa Kamati ya Alama yenye wajumbe arobaini. Kamati ilikaa miezi kumi na minne katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa fikra, walivyoeleza wenyewe, zinahitaji maji.

Ripoti yao ilikuwa nene kama tofali. Duara lilikataliwa, kwa sababu linaishia pale lilipoanzia, na mtu mwenye roho mbaya angeweza kusema ndivyo nchi inavyokwenda. Nyota ilikataliwa kwa kuwa ina ncha tano, na Kiongozi ni mmoja. Mraba ulikataliwa kwa sababu pande zake zote ni sawa, jambo ambalo lingewatia wananchi mawazo. Ikabaki pembetatu nyeusi iliyolala ubavu, ncha yake ikitazama kulia: ▶. Inakwenda mbele. Kiongozi aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, na wajumbe wote arobaini wakapandishwa vyeo.

Pembetatu hiyo tayari ilikuwamo katika jedwali la dunia, lile ambalo kila herufi na kila alama inayoandikwa kwa kompyuta imepewa namba yake. Yake ni 25B6. Ilikuwamo humo tangu Asiyerudi Nyuma hajawa hata diwani. Hata hivyo Waziri wa Alama na Nembo, Mheshimiwa Profesa Kwembe, alitangaza redioni kwamba serikali imefanikiwa kuliingiza taifa katika jedwali la dunia, na siku hiyo ikawa ya mapumziko.

Sheria ya Alama ilikuwa fupi, na kama sheria zote fupi za Twendeni, iliuma. Ilisema kwamba karatasi ya serikali isiyo na alama kichwani si karatasi. Ikasema kwamba alama ikifuatwa na maneno ni salamu tu, lakini isipofuatwa na neno lolote basi ni Kiongozi mwenyewe, jina lake na mwili wake, na kila aionaye asimame wima mpaka iondoke. Ndiyo maana kabla ya taarifa ya habari alama ilikaa kwenye runinga dakika tatu kamili, na nchi nzima ilisimama, wengine kijiko kikiwa mdomoni. Mwisho ilisema kwamba kuiweka alama kwenye kioo cha mashine ya serikali, au kuiondoa, ni kazi ya mpachikaji mwenye leseni. Mwingine yeyote akiigusa, miaka miwili.

Simu za watu zilileta usumbufu kidogo. Humo pembetatu ilijitokeza ndani ya kitufe cha buluu, kama kile cha kuanzishia muziki, wananchi wakawa wanakibonyeza kwenye kila tangazo wakingoja wimbo. Wimbo hautoki. Wizara ikaeleza kuwa wimbo unaandaliwa.

*

Sikudhani Mwinchande alikuwa mpachikaji daraja la pili, makao makuu ya Wizara. Kila barua iliyotoka ilipita mezani kwake; aliiwekea alama kichwani, akaiachilia iende. Mama huyu alikuwa mnyamavu, mwenye mkono mwepesi, na katika miaka miwili hakukosea hata mara moja. Kwa hiyo hakuna aliyemjua.

Mdogo wake, Shomari, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja ya mbali. Siku moja Shomari alipeleka wilayani orodha ya wanafunzi wake, nayo ilianza kama sheria inavyotaka: alama, halafu maneno "Kiongozi Wetu Mpendwa". Alama hiyo alipachikiwa na mpachikaji wa tarafa, akalipa na ada. Orodha ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya wilaya, mahali pa pembetatu palikuwa na kisanduku kitupu. Mistari minne, ndani hamna kitu. Halafu: Kiongozi Wetu Mpendwa.

Kesi haikuchukua muda. Sikudhani aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda kusikiliza.

"Mshtakiwa," hakimu aliuliza, "ndani ya kisanduku hiki kuna nini?"

"Hakuna kitu, mheshimiwa."

"Kitupu?"

"Kitupu, lakini mimi..."

"Na baada ya huo utupu pameandikwa nini?"

"Kiongozi Wetu Mpendwa."

"Mahakama haihitaji kusikia zaidi."

Hapo Sikudhani alisimama. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi. "Mheshimiwa hakimu, mashine hazipelekeani picha. Zinapelekeana namba. Ni kama mimi nikikutuma jikoni kwako uniletee sufuria namba sita. Ukiwa nayo utaileta. Usipokuwa nayo utarudi umeniinulia mikono mitupu. Kisanduku hicho ndiyo mikono mitupu ya mashine. Mdogo wangu alituma namba sahihi kabisa. Wilaya ndiyo haina sufuria."

Hakimu alivua miwani. "Unasema, mama, kwamba ofisi ya serikali ina mikono mitupu?"

Askari wawili waliokuwa mlangoni walisogea hatua moja. Sikudhani akakaa. Shomari akapewa miaka saba katika Gereza la Mapumziko, na tangu siku hiyo dada mtu hakujisamehe kwa kule kukaa chini.

*

Twendeni si nchi ya ukatili. Kila mwaka, Sikukuu ya Mwendo, Kiongozi huwasamehe wote waliokosa kwa ujinga. Sharti ni moja tu: mfungwa atie saini kwamba yeye ni mjinga. Shomari alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Alitia saini mara tatu, kwa sababu fomu ilitakiwa nakala tatu.

Barua yake ya msamaha ilipita mezani kwa dada yake. Sikudhani aliiwekea pembetatu kwa mikono miwili kama mtu anayemtua mtoto kitandani, akaituma gerezani, akaenda sokoni kununua kuku.

Kuku alipikwa, akaliwa na majirani. Shomari hakutoka. Kesho yake ikabandikwa orodha: wafungwa wote wenye kifungo cha zaidi ya miaka mitano watapelekwa Kisiwa cha Kokoto baada ya siku tisa, kuvunja mawe ya barabara mpya. Jina la Shomari lilikuwa la nne.

Kisiwa cha Kokoto kilijulikana kwa vumbi lake. Watu wenye vifua vizima walitoka huko wakikohoa. Shomari alikuwa na pumu tangu ananyonya. Sikudhani ndiye aliyekuwa akimkalisha na kumsugua mgongo mpaka pumzi irudi, tangu yeye mwenyewe ana miaka minane. Alijua kifua kile kuliko daktari yeyote, na alijua hakitamaliza mwezi. Alipanda basi la asubuhi kwenda Gereza la Mapumziko.

Mkuu wa gereza, Afande Lugome, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, jambo ambalo ni zito zaidi. Lango la gereza lake, kwa mfano, lilifunguliwa mara moja tu kwa siku, saa tisa alasiri, ili kubana matumizi ya grisi. Wanaoingia na wanaotoka walipishana hapo hapo, na lango halikufungwa mpaka yeye mwenyewe aketi, ahesabu, na atie saini daftarini.

"Barua yako nimeipata, bibie," alisema, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ilikuwa mashine kuukuu, mgongo wake mkubwa kuliko uso. "Ila ni tusi. Unakiona hicho kisanduku? Kungekuwa na jina la mwandishi hapo chini ningemfunga leo hii. Bahati njema barua za serikali haziandikwi jina, asije akapatikana wa kulaumiwa."

"Hiyo ndiyo alama yenyewe, afande. Namba imefika salama salimini. Mashine yako ndiyo haina umbo la kuichora."

"Mashine hii ni ya serikali. Ina kila kitu ambacho serikali inataka iwe nacho."

"Kuna faili dogo la maumbo ya herufi, la bure. Nipe dakika tano niliingize, utaiona pembetatu kwa macho yako."

"Una kibali cha dakika tano?"

Sikudhani hakuwa nacho. Aliomba basi amwone mdogo wake, akaruhusiwa, kwa kuwa kumwona mfungwa hakuhitaji alama. Shomari alikuja upande wa pili wa wavu, mabega yamepanda juu kama ya mtu anayebeba ndoo mbili. Hivyo ndivyo mabega yake yalivyokaa kila pumzi ilipoanza kubana.

"Usilie, dada," alisema. "Huku nina heshima zangu. Wananiita Mwalimu Kisanduku."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Sikudhani alipitisha vidole kwenye wavu lakini mgongo haukufikika. Njia nzima ya kurudi alikuwa na hasira, na ilimshangaza, maana alikuwa amesahau kwamba anayo.

*

Kumwona Profesa Kwembe kulichukua siku tano kati ya zile tisa. Mwisho Sikudhani alimwandikia kipande cha karatasi: "Mheshimiwa, kwa miaka miwili Wizara yako imekuwa ikimtukana Kiongozi nchi nzima. Naweza kuonyesha." Alifunguliwa mlango kabla karani hajamaliza kukisoma.

Waziri aliita wajumbe wote arobaini. Mezani Sikudhani aliweka kompyuta mbili, moja mpya ya Wizara na moja kuukuu aliyoitoa stoo, akazipelekea zote mbili alama peke yake, bila neno. Kwenye ile mpya pembetatu ikatokea, na wajumbe wakasimama. Kwenye ile kuukuu kikatokea kisanduku, na wajumbe wakakaa. Mjumbe mmoja aliyeketi katikati aliiona ya kushoto akasimama, akaiona ya kulia akakaa, akasimama tena, mpaka akaomba maji.

"Mashine ngapi za serikali ziko kama hii kuukuu?" aliuliza Waziri.

"Zote zilizo nje ya jengo hili, Mheshimiwa."

Profesa Kwembe alikuwa mtu mweusi wa kung'aa, lakini kwa muda alikuwa wa rangi ya majivu. Barua za Wizara yake ndizo zilizokuwa nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote nchini.

"Dawa ipo," Sikudhani akasema upesi. "Faili la maumbo. Ni la bure. Kila ofisi ikiliingiza, hata kesho..."

"La bure?" Waziri aliuliza, kama aliyenusa kitu. "Kiongozi wa nchi aonyeshwe na kitu cha bure? Na tukiliingiza leo, si tutakuwa tumekiri kwamba jana halikuwamo? Hapana, mama. Serikali haikosei. Tuulize swali kisomi: wananchi wameona nini maofisini miaka yote hii?"

"Kisanduku, Mheshimiwa."

"Basi wananchi wameshakizoea. Hicho kisanduku kina namba katika jedwali la dunia?"

"Viko viwili, Mheshimiwa. Kipo kisanduku halisi, alama kamili yenye namba yake, 25A1. Halafu kipo hiki, ambacho si alama. Ni mashine inasema 'sina'. Kwa macho ni mapacha."

"Kwa macho," alisema Waziri, na rangi ikamrudia. "Nchi inaongozwa kwa macho, mama."

Hotuba aliyoitoa jioni ile redioni inafundishwa shuleni mpaka leo. "Ndugu wananchi," alisema, "alama yetu ya zamani ilikuwa na pembe tatu. Kuanzia sasa alama ya Kiongozi ni kisanduku, chenye pembe nne. Tumeongeza pembe moja katika miaka miwili. Niambieni ni nchi gani nyingine imepiga hatua kama hiyo! Wapinga maendeleo watasema ni kitupu. Nasema kiko wazi, nao ndio uwazi wa serikali yenu. Watasema pande zake ni sawa. Nasema ni sawa kwa sababu Kiongozi amependa ziwe sawa. Ama ile pembetatu, wataalamu wetu wamegundua ni hila ya maadui. Inaelekeza upande mmoja, kana kwamba Kiongozi wetu ana mahali pa kwenda! Atakayeiandika tena, miaka kumi."

Watu walipiga makofi. Mjumbe aliyeomba maji alipendekeza Profesa apewe nishani, na Profesa akakubali.

Sikudhani hakupiga makofi. Alikuwa ameshakimbilia mezani kwake. Siku zilizobaki zilikuwa tatu. Aliandika barua ya Shomari upya, akaweka kichwani kisanduku halisi, 25A1, akaituma. Kesho yake simu ikalia.

"Bibie," alisema Afande Lugome, "nimekiona kisanduku. Nimefurahi kupita kiasi. Ila nina swali la kitaratibu. Hiki ninachokiona ni kisanduku chenyewe, au ni kile cha mashine kukosa?"

Sikudhani aliikumbuka ile mashine. Haikuwa na pembetatu. Kwa nini iwe na kisanduku? "Afande, inawezekana mashine yako haina kisanduku, na kwa kuwa haina, imeonyesha kisanduku."

"Kwa hiyo alama ya Kiongozi ikiwapo, na alama ya Kiongozi isipokuwapo, ni kitu kimoja?"

"Kwa macho, afande."

"Simu hii inasikilizwa, bibie."

"Basi ni kisanduku chenyewe, afande."

"Ahsante sana. Mwalimu atatoka keshokutwa saa tisa, grisi ikiruhusu."

Alikata simu. Sikudhani akajifunika uso kwa khanga pale pale kazini, akalia, na mara hii hakuona haya.

*

Asubuhi ya siku ya kutoka kwa Shomari, maaskari wawili walimkuta mezani. Ilikuwa imeundwa Tume ya kuwasaka walioandika pembetatu. Sheria za Twendeni, kama Kiongozi wake, hazirudi nyuma. Lakini kwa heshima ya shughuli hii Tume ilikubali zirudi miaka miwili. Katika barua za Wizara Tume ilihesabu pembetatu elfu kumi na moja mia nne na kumi na mbili, zote za mkono mmoja. Profesa Kwembe hakuwahi kugusa kibodi maishani mwake, na hilo ndilo lililomwokoa.

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyeniamuru," Sikudhani alimwambia Waziri, alipofikishwa mbele yake na wajumbe wa Tume.

"Nilikuamuru kwa mdomo," Waziri alijibu kwa upole. "Mdomo wangu ulisema alama. Vidole vyako vikafanya pembetatu."

Walimnyang'anya leseni. Ilibaki hati ya mashtaka, nayo ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja. Mahali pa kosa hapakuwa na kitu. Kosa ni kuandika pembetatu, na kuitaja pembetatu lazima uiandike, na hakuna karani aliyekuwa tayari kupata miaka kumi kwa ajili ya mstari mmoja. Walizungushiana hati mpaka saa nne.

"Aandike mwenyewe," mwenyekiti wa Tume akaamua. "Yeye kosa lake halizidi. Mrudishieni leseni kwa dakika moja."

Wakamrudishia. Sikudhani aliketi, akavuta kibodi. Angeweza kuandika kwa maneno: pembetatu nyeusi, imelala ubavu. Alimtazama Waziri, akawatazama wajumbe, akaikumbuka ile mashine yenye mgongo mkubwa kuliko uso. Kisha akapachika alama moja tu, 25B6, bila neno jingine mbele yake, akaituma Gereza la Mapumziko.

"Dakika imekwisha," akasema mwenyewe, akawarudishia leseni yao.

Karandinga lililombeba Sikudhani lilifika gerezani saa tisa kasoro kidogo. Lango likafunguliwa. Wafungwa wa Kokoto walikuwa wamepangwa uani, na pembeni yao, na kifurushi mkononi, alikuwa Shomari. Walikutana katikati ya lango.

"Dada! Umekuja kunipokea?" Halafu akawaona maaskari. "Dada, mbona...?"

Sikudhani alimwekea kiganja mgongoni, pale pale pa zamani. Pumzi ilikuwa inabana, lakini ilikuwa inapita. "Pale ng'ambo ya barabara pana mkahawa," alisema. "Kakae unisubiri. Agiza chai mbili."

"Mbili?"

"Mbili, mdogo wangu. Na mandazi."

Wakamwingiza ofisini. Afande Lugome alikuwa ameketi, daftari lake wazi pembeni, kalamu tayari. "Mambo ya dunia, bibie," alisema kwa huruma ya kweli. "Karani, fungua hati tusome, tutie saini, tufunge lango."

Karani akafungua. Kioo kikawaka, na kwa herufi nene pakatokea:

Mfungwa: Sikudhani Mwinchande.

Kosa: □

Afande Lugome alianza kusoma kwa sauti. "Mfungwa, Sikudhani Mwinchande. Kosa..."

Kiti chake kilianguka nyuma. Alikuwa amesimama wima, mkono kwenye kofia. Karani alisimama. Maaskari wawili wa Wizara waliokuwa nyuma ya Sikudhani waligonga visigino. Mlinzi wa lango, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliiona alama kwenye kioo akakakamaa na ufunguo wake.

"Bibie," afande alinong'ona bila kugeuza shingo. "Nani ameandika hati hii?"

"Serikali, afande."

"Hapo penye kosa... baada yake hakuna neno."

"Hakuna, afande."

"Kwa hiyo inasema kosa ni..." Jasho lilikuwa linamshuka. "Kwamba kosa la nchi... kosa lako wewe, nataka kusema, ni..."

"Ndivyo inavyosema. Ni hati ya serikali, na serikali haikosei."

Ilikuwa hati ya kwanza katika miaka kumi na mitatu kusema jambo la kweli, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukaa mbele yake.

"Iondoe!"

"Leseni wamechukua hawa vijana wa Wizara. Nikiigusa, miaka miwili."

"Karani!"

"Mimi pia sina, afande," alisema karani, midomo haichezi.

"Basi kazimeni umeme!"

"Kumzimia Kiongozi umeme, afande?" aliuliza askari mmoja.

Daftari lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Afande Lugome, na kutia saini kulitaka aketi. Lango lilikuwa wazi. Wafungwa wa Kokoto, waliokuwa uani ambako kioo hakionekani, walitazama lango, wakatazamana, wakaanza kutoka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaotoka msikitini.

Sikudhani alijifunga khanga yake vizuri.

"Bibie," afande alisema kwa sauti ya kuomba, macho kwenye kisanduku, "unakwenda wapi?"

"Mbele, afande," alisema Sikudhani.

Alivuka barabara. Shomari alikuwa kwenye benchi la mkahawa na vikombe viwili, anawahesabu watu wanaotoka gerezani na haamini hesabu yake. "Wamekuachia?" aliuliza. "Vipi?"

"Wamesoma kosa langu."

"Wakasemaje?"

"Wakasimama." Alivuta kikombe chake. Chai ilikuwa bado ya moto. "Kunywa upesi, basi la mpakani linapita saa kumi."

Hiyo ndiyo Twendeni, nchi ya mbali ambayo haituhusu. Kwa habari nilizopata mara ya mwisho, Afande Lugome bado amesimama. Chakula analishwa kwa kijiko na mkewe. Wizara inalitambua tatizo lake. Imeunda kamati ya watu arobaini kutafuta njia ya kumketisha, na kamati inatafuta hoteli.